Maiki Moja Katikati

S.L.P. 41, Kapkatet
24 Mei 1999

Kwa ndugu yangu Kimotho,

Chamgei? Sisi hapa hatujambo. Mvua imekubali na majani ya chai yanakuja kwa wingi, hata mimi karani pale kituoni nashinda kwenye mizani mpaka bega linauma.

Kanda uliyoturekodia imefika salama, asante. Sasa naomba unisikilize kama mtu uliyekaa naye dawati moja kule Kedowa. Jana baada ya ibada niliikusanya kwaya tukaisikiliza. Walikuwa wote kumi na wanne, wale wale niliowaleta studioni kwako tarehe nane. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Nikauliza, mnaonaje? Wakaangalia chini.

Kimotho, sauti ni nyembamba. Mama Phelis ndiye anayetuongozea wimbo, na akifungua mdomo kanisani hata wapita njia husimama. Kwenye kanda anasikika kama mtu anayeimba jikoni kwake huku sisi tuko sebuleni. Na besi ya Weldon haipo kabisa. Nimeweka betri mpya kwenye redio, nimeiweka juu ya meza, nimeiweka chini, lakini haipo.

Juzi nilipita dukani hapa Kapkatet nikasikia kanda ya kwaya ya Chepseon, ile ya binamu yako Kiarie. Imerekodiwa kwako mwezi huu huu. Hiyo imenona. Besi yake inatikisa vioo vya duka.

Najua kompyuta yako ina programu mbili za muziki, ya bluu na ya kijivu. Niliziona mwenyewe, maana siku ile nilikaa kando yako kutoka asubuhi mpaka jioni nikiangalia ile skrini. Na kibao chako mlangoni kinasema PROGRAMU MPYA KUTOKA NAIROBI, SAUTI MARA MBILI. Kwa hiyo nina swali moja tu. Sisi ulituwekea programu gani, na Chepseon uliwawekea gani?

Uzinduzi wa kanda ni Jumapili ya mwisho ya Agosti na wageni wameshaalikwa.

Wako,
Mathew Kipngetich


Kimotho Sound, Kericho
29 Mei 1999

Mathew,

Chamgei mising. Mke wangu Nyathira anakusalimu, anasema umempunguzia mke wako safari za sokoni tangu upandishwe cheo, kwa hiyo hamuuzii vitambaa tena.

Nitakujibu kwa ufupi kwa sababu sina cha kuficha. Nyinyi mlirekodiwa kwa ya kijivu, yaani hiyo mpya. Chepseon walirekodiwa kwa ya bluu, ya zamani, kwa sababu siku yao ya kijivu ilikwama, kompyuta ikaganda, na Kiarie akaniambia hana siku nzima ya kunitazama nikiomba. Kwa hiyo kama kuna aliyependelewa ni wewe.

Lakini, ndugu yangu, nikwambie siri ya kazi. Programu ni kama ndoo ya maziwa. Ukikamua ndani ya ndoo ya bluu au ya kijivu, maziwa ni yale yale. Nimewahi kupitisha wimbo mmoja kwa zote mbili nikakaa na hedifoni mpaka masikio yakawasha, na sikuona tofauti. Kinachobadilisha sauti ni kile kinachoingia kwenye maiki.

Tena watu wako waliimba vizuri, ila wawili walikuwa na haya. Yule mama aliimba akiangalia ukuta, na yule kijana mrefu alikuwa akitazama viatu vyake. Niligonga kioo mara mbili kumwonyesha mama asogee kwenye maiki. Alisogea, akarudi. Nikadhani anaomba.

Jaribuni redio nyingine.

Kimotho


S.L.P. 41, Kapkatet
5 Juni 1999

Kwa Kimotho,

Nimeisoma barua yako, nikaisoma tena. Tumejaribu redio tatu, moja ni ya mchungaji.

Unajua kazi yangu. Miaka tisa nimesimama kando ya mizani, wakulima wananiletea majani na mimi nasoma uzito. Nimejifunza jambo moja. Mizani haimwibii mtu yenyewe, inaiba kwa ajili ya yule aliyesimama karibu nayo. Nimeona kidole cha mguu kikikanyaga pale chini, nimeona gunia likipimwa likiwa limelowa. Kwa hiyo mtu akiniambia mashine zote mbili ni sawa, mimi naangalia kwanza miguu yake iko wapi.

Kama programu ni ndoo tu, kwa nini uliandika SAUTI MARA MBILI? Ulikuwa unadanganya wateja wakati ule, au unanidanganya mimi sasa? Chagua moja.

Na usimlete Mama Phelis kwenye maneno haya. Anaongoza wimbo tangu mimi niko shule. Leo umtwike kasoro ya kompyuta yako! Kiarie ni mtoto wa shangazi yako, hilo halihitaji hedifoni. Watu hapa wanasema watu wako wanapata programu nzuri na sisi tunapata makapi. Mimi nilikataa kusema hivyo. Sasa sijui.

Mathew Kipngetich


Kimotho Sound, Kericho
11 Juni 1999

Mathew,

Umeandika "watu wako". Nimelisoma neno hilo mara tatu, halafu nikamwita Nyathira asome, labda macho yangu yana kasoro. Hayana.

Mwaka wa tisini na mbili, wakati wa mapigano ya makabila yetu, tulipoondoka Kedowa, baba yangu alimwachia baba yako ng'ombe sita. Watu wa pande zote mbili walimcheka. Miezi mitano baadaye mzee wako aliwaleta ng'ombe sita, na mmoja alikuwa na ndama. Ndama pia alimleta. Sijawahi kuuliza kama ng'ombe wetu walilishwa majani mabaya na wake majani mazuri. Haikunipitia akilini.

Lakini kwa sababu wewe ni mtu wa kupima, tupime. Ndani ya bahasha hii kuna kanda mbili. Moja nimebandika karatasi nyekundu, nyingine kijani. Zote zina wimbo wenu wa kwanza. Wachezee wanakwaya, bila wewe kusema neno, kila mmoja akwambie ipi ni nzuri. Halafu niandikie.

Kimotho


S.L.P. 41, Kapkatet
21 Juni 1999

Kwa Kimotho,

Tumepima.

Waliosikiliza ni kumi na wawili. Mama Phelis alisema ana kazi jikoni, na Weldon alikuwa ameenda kukamua. Wote kumi na wawili wamesema nyekundu. Hakuna hata mmoja aliyesita. Nyekundu ina mwili, inasikika karibu, sauti ya Mama Phelis inatoka jikoni walau inafika mlangoni. Kijani ni ile ile kanda yetu ya kwanza.

Kwa hiyo kumbe ile programu nzuri ipo, na nyekundu ndiyo iliyopitia humo. Umejishtaki mwenyewe, ndugu yangu, kwa mkono wako na karatasi zako za rangi. Sitaki maneno mengi. Weka nyimbo zote nane kwenye hiyo programu ya nyekundu, unitumie kabla ya mwisho wa Julai, na mimi nitanyamaza.

Mathew Kipngetich


Kimotho Sound, Kericho
25 Juni 1999

Mathew,

Sijui nicheke au nilie, basi nimefanya yote mawili.

Nyekundu na kijani ni kitu kimoja. Zote zimetoka kwenye programu ile ile ya kijivu na rekodi ile ile ya tarehe nane Mei. Wakati wa kunakili nyekundu nilipandisha sauti kidogo, kiasi cha mtu kusogeza kiti hatua moja karibu na redio. Basi. Sikio la binadamu likipewa vitu viwili vilivyo sawa litasema kile chenye kelele zaidi ndicho kizuri. Hata langu hufanya hivyo, na ndiyo sababu sijiamini mpaka nisawazishe.

Sikukwambia kwamba zimetoka programu mbili tofauti. Soma tena barua yangu. Nilisema kuna kanda mbili, hayo mengine umeyaleta wewe.

Kuhusu kibao, hapo umenishika. Nilinunua ile programu mpya nikiamini kila kitu kitabadilika, nikapaka kibao rangi hata kabla ya kuifungua. Nilipoona haina tofauti niliona aibu kukishusha. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Lakini kosa la kujisifu si kosa la kuwaibia.

Kimotho


S.L.P. 41, Kapkatet
2 Julai 1999

Kwa Bwana Kimotho,

Umenitega. Uliniacha niwapange watu kumi na wawili wazima, wengine wana wajukuu, wapige kura juu ya kitu kimoja kama watoto wanaochezewa karata, halafu ukaniandikia kwamba unacheka. Mtu mwenye haki hahitaji mtego.

Na nitajuaje kwamba hata hili ni kweli? Jana ulisema ndoo. Leo unasema kelele. Kesho utasema mvua.

Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nilikuvaa tangu darasa la kwanza. Tarehe kumi kuna mkutano wa kwaya zote hapa Kapkatet. Nitasimama na kusema nilichopima, kila mtu aamue mwenyewe.

Mathew Kipngetich
Karani


Kericho
19 Julai 1999

Bwana Mathew,

Umesema, na umesikika. Hongera.

Kwaya ya hapa mjini, ambayo ilikuwa ije Jumamosi iliyopita, haikuja. Ya pili ilimtuma mtu achukue kanda zao ambazo hata sijamaliza. Juzi bwana mmoja alisimama mlangoni, hakuingia, akauliza, "Hii ndio ile studio ya programu mbili? Moja ya wenyewe na moja ya wengine?" Nikamwambia aingie aone. Akaniambia, "Aa, nilikuwa nauliza tu." Na Ijumaa nikapata barua kutoka kwaya ya Kedowa. Kedowa, Mathew, mahali nilipozaliwa. Wanasema wamesikia mambo na wataenda Nakuru.

Basi na mimi nitaenda Nakuru. Kaka yake Nyathira ana chumba huko. Lori litakuja tarehe kumi Agosti kubeba kompyuta, maiki, na zile trei za mayai za kuzuia mwangwi nilizogongomelea ukutani moja moja. Nyathira anauza vitambaa vyake kwa bei ya kutupa ili asibebe mizigo miwili.

Nataka ujue jambo moja, halafu sitakuandikia tena. Ule mwaka tulipoondoka Kedowa niliogopa sana, lakini nilijua tumeacha jina zuri nyuma, na ndiyo maana nilirudi Kericho kutafuta maisha badala ya kwenda mahali pengine. Safari hii naondoka bila mtu kunifukuza kwa rungu, na jina sina. Limechukuliwa na mtoto wa mzee aliyetutunzia ng'ombe. Inaniuma, na sioni haja ya kukuficha kwamba inaniuma.

Kimotho


Kapkatet
26 Julai 1999

Mwanangu Kimotho,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni Phelis Chepkurui, yule mama wa kuangalia ukuta. Nilifundisha watoto wa chekechea miaka ishirini na sita kwa hiyo usishangae mwandiko wangu ni mkubwa.

Ijumaa nilimkuta mke wako Nyathira hapa sokoni anauza vitambaa kama mtu anayekimbia moto. Nikamuuliza, mama, kulikoni? Akasema, "Tunahama, Mama. Watu wamesema bwanangu ni mwizi wa sauti." Nilishika kitambaa mkononi nikashindwa kukirudisha mezani. Nimekuja nyumbani, nimeomba, na nimeona nikikaa kimya tena Mungu ataniuliza.

Mwanangu, kompyuta yako haina kosa. Nitakueleza ilivyokuwa, nawe uliyekulia Kedowa utaelewa.

Weldon Kiplangat, yule kijana mrefu wa besi, ni mkwe wangu. Amemchukua binti yangu Chepkosgei. Koito ya mahari tulifanya mwezi wa nne, wazee wakakaa, maneno yakaisha vizuri, maziwa ya mursik yakanywewa. Tangu siku hiyo mimi na yeye hatusimami uso kwa uso. Hatupeani mkono, hatuangaliani machoni, akija kwa njia hii mimi napita ile. Sio ugomvi, ni heshima, na mimi nampenda yule kijana sana.

Kanisani haina shida. Wanawake tuko upande wetu na wanaume upande wao, wote tunawatazama washarika. Nimeimba naye kila Jumapili bila kumwona. Lakini kwako chumba ni kidogo na maiki ni moja. Ulituambia tuizunguke, tusimame kama watu wanaoota moto. Nikainua macho kuanza wimbo, na huyo hapo! Mkwe wangu, upande wa pili wa maiki, hata urefu wa mkono haufiki, mdomo wazi. Nikageukia ukuta. Yeye akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, akaimbia viatu. Ulipogonga kioo nilisogea kwa kukutii, nikamwona tena, nikarudi. Nyimbo zote nane tuliziimba hivyo.

Wanakwaya wote waliona. Ndiyo maana Mathew alipowachezea kanda na kuwauliza, waliangalia chini. Nani atasema mbele ya mkwe na mama mkwe kwamba hawa ndio walioharibu? Tena kila mmoja alidhani Mathew anajua na ananyamaza kwa adabu, maana alikuwa mle studioni, na mwenye macho haambiwi tazama. Basi Mathew aliposema ni programu, tulishukuru. Neno "programu" lilikuja kama mwavuli, sote tukaingia chini yake. Halikuwa limemtaja mtu yeyote kati yetu. Hatukufikiri kwamba lilikuwa limekutaja wewe, huko kwako.

Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Ile siku ya kanda nyekundu na kijani nilisema nina kazi jikoni. Sikuwa na kazi. Nilikaa kwenye kigoda nikisikia watu wanashangilia nyekundu, na nikanyamaza. Naona aibu, mwanangu. Nisamehe.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Nakala nyingine nimempa Mathew mkononi, nikasimama pale kituoni, wakulima wakingoja na vikapu vyao, mpaka akaisoma yote.

Kile kitambaa nilikinunua. Ni cha pazia, chepesi, cha maua ya njano. Sikujua kwa nini nakinunua.

Mama yako,
Phelis Chepkurui


S.L.P. 41, Kapkatet
2 Agosti 1999

Kimotho,

Nimeanza barua hii mara nne. Hii ni ya tano, na nitaituma ilivyo.

Nilikuwa kwenye ile koito. Nilikaa karibu na wazee, nikala, nikapewa kibuyu cha mursik kabla ya wengine kwa sababu mimi ni kiongozi wa kwaya. Nikasimama nikatoa hotuba kwamba leo Mama Phelis amepata mwana. Mwezi mmoja baadaye nikawaleta wote wawili kwako, nikakuacha uwasimamishe uso kwa uso kuizunguka maiki, na mimi nimekaa kando yako. Kati yangu na wao kulikuwa na kioo tu. Ningegeuza kichwa ningeona. Sikugeuza. Nilikuwa naangalia ile mistari inavyoruka kwenye skrini, nikijiambia, hii ndiyo programu mpya, angalia inavyofanya kazi.

Wewe uliona. Uliniandikia katika barua yako ya kwanza kabisa, mama anaangalia ukuta, kijana anaangalia viatu. Nimeitoa sandukuni nikaisoma tena. Hukujua kwamba ni wakwe na huna lawama. Mimi nilijua, na nikaandika kwamba unamtwika mama kasoro yako. Nikamtafuta mwizi nyumbani kwako na aliyekanyaga mizani ni mimi.

Jumatano niliwaita wanakwaya. Nikawaambia, "Mbona hamkuniambia?" Halafu Weldon akasema kutoka nje ya mlango, kwa sababu Mama Phelis alikuwa ndani, "Mwalimu, wewe ulikuwa pale tulipopangwa."

Jana nilienda Kedowa. Nikaomba nafasi wakati wa matangazo, nikasimama mbele ya kanisa, nikasema Kimotho hakumpendelea mtu, nilisema uongo bila kujua na nilipaswa kujua. Mzee mmoja akauliza, "Wewe si mtoto wa yule mzee wa ng'ombe sita?" Nikasema ndimi. Akatikisa kichwa akakaa chini. Kimotho, nilitamani ardhi inifungukie. Kesho nitaenda kwa zile kwaya nyingine mbili hapo mjini, na Jumamosi nitasimama tena kwenye mkutano wa kwaya zote, mahali pale pale niliposimama mara ya kwanza.

Sikuombi unisamehe kwa barua, maana barua ndizo zilizotuharibia. Nakuomba usipande lori.

Ndugu yako, kama bado naruhusiwa kuandika hivyo,
Mathew


Kimotho Sound, Kericho
6 Agosti 1999

Mathew,

Chamgei.

Barua ya Mama Phelis ilifika Ijumaa iliyopita, nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Yako ilifika jana.

Na mimi nina langu la kusema, ili tusawazishe mizani. Siku ile nilisikia kwenye hedifoni kwamba wimbo umekosa kitu. Nilisikia, Mathew. Ningeweza kufungua mlango, niingie, nimwamkie yule mama, nimuulize, "Mama, kuna shida gani?" Ni hatua nne. Lakini nilikuwa na programu ya Nairobi, nikajiambia jioni nitairekebisha humo. Nikavuta hiki, nikapandisha kile. Huwezi kupandisha sauti ambayo haikuingia. Nilikuwa nimekiamini kile kibao changu mwenyewe kuliko nilivyokubali kwako.

Kibao nimekishusha. Nyathira amekigeuza kuwa ubao wa kukatia mboga za sukuma.

Sitakudanganya kwamba moyo umepoa. Haujapoa. Nikikumbuka yule bwana mlangoni, naona moto. Mwenye lori sikumwambia asije. Nimemwambia asubiri kidogo, badala ya tarehe kumi aje Jumatatu ya tarehe kumi na sita. Leta kwaya Jumamosi tarehe kumi na nne, saa mbili asubuhi, wote kumi na wanne. Mambo ya lori nitaamua nikishamaliza kuwasikia.

Mwambie Mama Phelis alete kitambaa chake. Nimegongomelea waya kutoka ukuta hadi ukuta, unapita karibu kabisa na maiki. Wanawake watakaa huku, wanaume kule, pazia katikati. Juzi nilijaribu na shuka jepesi, Nyathira upande mmoja akiimba na mimi upande wa pili. Sauti inapita, macho hayapiti. Nilimsikia vizuri kuliko ninavyomsikia tukiwa mezani.

Nitatumia programu ya bluu, ile ya zamani. Ukitaka kupiga kura juu ya hilo, ipigie nyumbani kwako.

Na wewe hutakaa kando yangu. Nimekuwekea kiti kwenye kioo, mgongo wako kwa kompyuta. Angalia watu.

Kimotho